Uzi wa Baba Juu ya Tufe

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mjukuu wako ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Miguu yako inaendeleaje?

Habari nilizonazo si nzuri. Ile ndege mpya ya moja kwa moja itaanza mwezi wa sita, ila hawajatangaza itachukua saa ngapi angani. Basi nikachukua rula, nikapima kwenye ramani ya ukutani hapa kazini, jikoni mwa hospitali. Kutoka uwanja wenu hadi wetu ni kilomita elfu tisa na mia sita, zaidi ya saa kumi na moja. Daktari wako alisema zisizidi kumi, damu isije ikaganda. Nimelia, halafu nikarudi kumenya viazi. Tusubiri, Baba.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Miguu imevimba lakini bado inakanyaga cherehani. Eti tusubiri. Mtu wa miaka sabini na sita anasubiri nini?

Rula yako sikuiamini. Nimeshona makoti miaka hamsini, najua bega halipimwi kama meza. Ramani ni nguo iliyopigwa pasi. Dunia ina tumbo. Nikaenda shuleni kumwomba mwalimu tufe lao la dunia. Kiuno chake ni sentimita mia kamili. Mwalimu akasema kiuno cha dunia yenyewe ni kilomita elfu arobaini, kwa hiyo kila sentimita ni kilomita mia nne. Nikavuta uzi kutoka kwetu hadi kwenu, nikaukaza. Haukupita njia ya rula yako. Ulipanda kaskazini kwanza, ndipo ukashuka. Sentimita kumi na tisa. Piga hesabu, wewe ndiye uliyesoma.

Wanafunzi walicheka sana, wakasema mzee anaipimia dunia suruali.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena. Elfu saba na mia sita! Nimepiga hesabu mara tatu, bado nikaogopa kufurahi. Kwenye wodi ya tatu amelazwa rubani mstaafu anayejua Kiswahili, nikampelekea barua yako pamoja na uji wake. Aliisoma mpaka uji ukapoa.

"Hivi ndivyo tunavyopanga safari," akasema. "Mimi nilifundishwa darasani. Baba yako kajifunza wapi?"

Nikamwambia, kwenye mabega ya watu.

Ni saa tisa tu, Baba. Naona haya kwamba nilikukatia tamaa kwa rula. Jikoni kote sasa wanajua mimi ni mtoto wa nani. Daktari anasemaje? Nijibu upesi.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hali yangu utaiona mwenyewe.

Najua ulingoja jibu miezi miwili. Niliogopa kukuahidi halafu daktari akatae. Alitia sahihi ruhusa yangu wiki iliyopita, kwa sharti nisimame nitembee kila saa, ndipo nikamwomba mwalimu akupigie simu akutajie siku. Nimeshatembea mara nane, abiria wote wananijua. Sasa wametuambia tufunge mikanda, tunashuka.

Barua hii siitii posta. Nitakuwa nayo mkononi nikitoka mlangoni. Nipe mtoto kwanza, halafu uisome.

Baba yako