Siku Niliyosema "Bado"

Ijumaa, jioni. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini mlima bado umejifunika mawingu na njia zetu zote ni tope tupu. Nimeketi barazani, nimechoka kama niliyeshinda na jembe, na sikumbuki lini nilijisikia mwepesi hivi.

Leo nimeongea mbele za watu.

Anayenijua hatacheka. Tangu siku ile mwalimu wa shule ya Mdachi, enzi za Wajerumani, aliponisimamisha mbele ya darasa, sauti ikanikwama, akanicharaza viboko huku wenzangu wakiangua kicheko, mimi na macho ya watu hatupatani. Ndiyo maana ukarani wa stesheni unanifaa. Mizigo haiulizi kitu. Lakini wakikusanyika watu mkekani, ulimi unanikauka na viganja vinalowa jasho.

Kaka yangu mkubwa alipofariki, nafasi ya mjomba ikaniangukia mimi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Binti akiposwa, baba atakaa na kusikiliza, ila wa kujibu ni mjomba. Na mjomba akinyamaza, basi amekubali yote aliyoambiwa.

Mwezi uliopita Zuhura, binti wa dada yangu, alikuja kwangu. Alinipa shikamoo, kisha akaniambia kuwa kuna kijana anayetaka kumposa, na yeye mwenyewe anampenda. Taabu ni kwamba kijana anafanya kazi ya reli Ngerengere, na watu wake watataka mke ahamie huko. Zuhura hataki kuliacha shamba alilopewa na mama yake huku mlimani. Akija kuliacha, atalilima mwingine, na kulirudisha itakuwa vita.

"Mjomba, utanisemea?"

Nilimjibu ndiyo.

Alipoondoka, nikamwendea Maganga, Mnyamwezi anayeuza tumbaku sokoni. Alikuja mjini akibeba mizigo ya misafara, reli ilipofika akabaki. Ni mtani wangu, maana Waluguru na Wanyamwezi tumetaniana tangu enzi za wazee wetu, na mtani hana ruhusa ya kununa. Nikamweleza hofu yangu yote. Nilidhani atanihurumia.

Kumbe nilijitafutia balaa. Kila nikitoka kazini alinisubiri na tusi jipya, na hakuniruhusu kuondoka mpaka nimjibu kwa sauti ya kumfikia mama muuza mbaazi, upande wa pili wa soko. Mwanzoni nilicheka tu na kutazama chini. Baadaye nikaanza kunong'ona. Mama wa mbaazi akawa anatikisa kichwa: hajasikia. Siku moja Maganga akanitangazia kwamba sisi Waluguru tumezoea kuongea na migomba, mgeni akija tunajificha nyuma ya mlima. Nikamwambia yeye amebeba mizigo mpaka ulimi umekuwa mzigo, autue kwanza ndipo aongee na watu. Soko zima likacheka. Safari hii hawakunicheka mimi.

Lakini sokoni ni sokoni. Leo baada ya sala ya Ijumaa washenga wamefika nyumbani kwa dada. Mkubwa wao ni mzee wa maneno laini, yanatiririka tu. Akamsifu binti, akawasifu wazazi, kisha akasema wakishafunga ndoa bibi harusi atakwenda kukaa Ngerengere kwa mumewe. Akanitazama. Wote wakanitazama.

Ulimi ukaganda.

Maganga, aliyealikwa kama mtani wetu, alikuwa ameketi karibu na mlango. Nikamgeukia, nikingoja tusi lake kama mgonjwa anavyongoja dawa. Yeye akainamisha kichwa, akawa anachunguza kucha zake za miguu. Chini ya pazia la chumbani niliona vidole vya miguu ya Zuhura. Mzee akatabasamu, akasema, "Basi, alhamdulillahi, mjomba ameridhia."

"Bado!"

Ilinitoka sauti ya kumfikia mama wa mbaazi. Mzee akaruka, kahawa ikamwagikia kanzu. Mtoto akaanza kulia nyumba ya pili. Nilitamani ardhi inimeze, lakini neno lilikwisha kutoka, na mengine yakalifuata. Nikaomba radhi, nikasema tumempenda kijana, ila binti yetu ana shamba la ukoo wake, na anayemtaka aje ajenge huku. Mikono niliikalia mwanzo hadi mwisho.

Washenga wakatoka nje kushauriana. Waliporudi, mzee akasema kijana atajenga kwetu, na kazini atakuwa anakwenda kwa gari la moshi. Dada akalia. Mimi nilitaka maji tu.

Baadaye nilimuuliza Maganga kwa nini aliniacha peke yangu. "Ningekutukana, ungenijibu mimi," akasema. "Kwani mimi ndiye niliyekuja kuposa?"

Zuhura naye alinipitia akiwa na sinia, akaniambia kwa upole kwamba hata huko Ngerengere wamesikia.

Sijui kama nimepona. Juma lijalo kuna mkutano wa ukoo, na nikiuwaza tu viganja vinaanza tena kulowa. Ila kesho nitapita sokoni. Leo Maganga hakunitukana hata mara moja, na sitaki azoee adabu. Safari hii nitaanza mimi.