Dawa ya Samaki Ninayokutumia kwa Meli

Mwanza, Jumapili baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Ma Kokushubila,

Anayekuandikia si yule Mutalemwa uliyemsindikiza melini Bukoba na kikapu chake cha senene. Huyu wa sasa akikohoa tu, mabwawa yote ya samaki ya Mwanza yanatulia yamsikilize. Waitu, umeamkaje? Goti bado linakusumbua mvua ikinyesha? Migomba ya nyuma ya nyumba imesimama? Mimi ni mzima. Neno hilo lishike, nitalirudia huko chini.

Maana nimesikia. Yule Yusufu, mchuuzi wa dagaa wa Hamugembe, alipita hapa mwezi uliopita, akarudi huko akieneza kwamba nimebaki mifupa, suruali naifunga kwa kamba, na chooni ndiko ninakoshinda. Jana kaniletea barua yako, unaniuliza nakuja lini nisije nikafia ugenini. Dada, tumemzika kaka Rwegasira na mkewe kwa ugonjwa huu wa Juliana, ambao redio inauita UKIMWI, kwa hiyo sikucheki. Ila nikueleze kwanza kazi yangu, uone kama ni kazi ya mtu anayekufa.

Sato wetu wa mabwawani walikuwa wanakwisha. Tumbo linavimba, samaki anaelea ubavu, basi. Wakamwaga dawa za kila rangi, wapi! Ndipo mtaalamu wetu, kijana wa miwani na digrii, akaona hawezi bila mimi. Alikuja na sato wazima wa ziwani, akawapasua, akatoa utumbo, akautia kwenye ndoo pamoja na ndizi mbivu, pumba za mtama na maji, akafunika.

"Mzee Muta, humu tunafuga wadudu," akasema.

"Wadudu? Bwana mdogo, mimi natoka Kagera! Wadudu wametumaliza, wewe unawalea kwa ndizi?"

Akacheka. "Wapo wema, mzee. Wanaishi tumboni mwa samaki mwenye afya. Wakijaa mle, wabaya wakija hawapati pa kukaa."

"Kama wazee wa kwetu kwenye lubisi, pombe ya ndizi, ya arusi," nikamwambia. "Ukichelewa unasimama mlangoni."

"Hivyo hivyo!" Na tangu siku hiyo wageni wakija anawafundisha kwa maneno yangu, mimi niliyeishia darasa la nne.

Kuchanganya chakula nikakabidhiwa mimi, kwa mkono huu huu uliomfukuza Amin. Vifo vikapungua, vikapungua, vikakoma. Leo wana nguvu hao, jana sato mmoja alininyang'anya kofia akazunguka nayo bwawa zima, wenzake nyuma kama wanasindikiza bibi arusi. Yusufu alikuwepo, ingawa yeye anasema ulikuwa upepo.

Sasa huyo huyo Yusufu anakuletea dumu la wadudu hao, kwa ajili ya bwawa walilochimba watoto wa marehemu kaka pale bondeni Kamachumu. Tia kikombe kwenye pumba, ziache zinywee, ndipo uwape samaki. Usichemshe! Najua siku hizi mnachemsha hadi maji ya kunawa, lakini hawa ukiwachemsha umemuua daktari. Na kifuniko kilegezwe, maana dumu linapumua. Yusufu nimemkataza kulikalia.

Nisalimie katekista wetu, mwambie mwandiko wangu bado umenyooka. Wanao waambie mjomba anawakumbuka. Watoto wa kaka waambie baba yao mdogo anataka kusikia wamekula samaki wao wenyewe Krismasi. Shemeji, mumeo, mpe heshima zangu zote, lakini hilo dumu mfiche.

Kwa nini umfiche? Basi, nitasema, maana bila kusema utaendelea kulia. Dumu lile linanukia lubisi, dada. Ndizi na mtama, lingenukia nini kingine? Sijaonja lubisi tangu nivuke ziwa. Siku moja mtaalamu katoka, nikafunua ndoo nikavuta harufu tu, nikaiona nyumba yetu. Nikachota kata moja. Ya pili ikafuata. Ya tatu nikahisi natafuna kitu, kumbe utumbo wa sato.

Nikaharisha wiki nzima, na Yusufu alifika siku ya nne yake. Huo ndio ugonjwa wangu wote. Sasa nakula ugali, kamba nimeirudisha kwa mbuzi, na kila asubuhi mtaalamu ananiuliza mbele ya watu kama wale wema wamepata viti.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Mutalemwa