Wimbi la Gangsa Zako Mbili

Mpendwa mwanangu Neema,

Hupokei simu zangu, basi acha nikuandikie. Gangsa zako mbili, zile ala za vibao vya shaba ulizoziacha hapa kanisani Brooklyn Center, zimenusurika, ila kibao kimoja.

Unakumbuka uliponikalisha mbele yake, bado nimevaa sare za kazi? Uligonga kibao cha shaba cha gangsa ya kwanza, ukakizima kwa vidole. Ukagonga mwenzake kwenye ya pili. Nikakwambia, "Kimoja kiko chini kidogo. Watu wa Bali walikuuzia kibovu." Ukacheka, ukagonga vyote pamoja, na sauti ikawa inapanda na kushuka, wuu-wuu-wuu, kama kitu kinachopumua.

"Vimetengenezwa hivyo makusudi, Mama. Vikilingana, wimbi linakufa."

Ukanishikisha mdomo wa bomba la mwanzi lililo chini ya kibao, nikahisi hewa ikitetema. Wiki hiyohiyo ukaniambia unaacha uuguzi uende Bali. Tuligombana mpaka ukabamiza mlango.

Jumamosi nilikuja mazoezi ya kwaya nikasikia tupa ikikwaruza shaba. Shemasi Otieno, yule anayetuni piano ya kanisa, alikuwa amepiga magoti mbele ya gangsa zako.

"Mama Neema, hizi hazijatuniwa vizuri. Nazirekebisha kabla ya Krismasi."

Tayari tupa yake ilikuwa imekula ncha ya kibao kimoja. Nilikigonga pamoja na mwenzake. Sauti ikatoka moja, imenyooka, haina uhai.

"Umesikia? Sasa ziko sawa," akasema, akasogeza tupa kwenye kibao kingine.

Nikakifunika kwa kiganja.

"Mama, kamati ya kanisa imeniruhusu. Toa mkono."

Kwaya nzima ikatugeukia. Sikuutoa. Kwa mkono wa pili nikagonga jozi ambayo hakuwa ameigusa. Wuu-wuu-wuu. Akakunja uso, akatega sikio, akaniomba nirudie. Taratibu akaiweka tupa chini.

"Nani alikufundisha haya?"

"Binti yangu. Yuko Bali, anasomea sauti za ala hizi."

Nilisema hivyo mbele ya kwaya nzima, Neema, wala sikuinamisha kichwa.

Shemasi anasema akikikwaruza kile kibao upande wa chini, sauti itashuka tena na wimbi litarudi. Nimemkataza. Nimekifunga kwa khanga, kiko chumbani kwako. Utakavyosema kifanyiwe, ndivyo kitakavyofanyiwa. Habari za uuguzi sitazitaja tena.

Wasalimie walimu wako huko. Waambie una mama.

Ni mimi,
Mama yako