Samaki Wawili wa Mama Emérita na Filtre ya Bihambwe

TANGAZO, KABLA YA JAMBO LOLOTE LINGINE. Kamati ina heshima kubwa kuwatangazia wakaaji wote wa Bihambwe, wenyeji na waliokimbilia hapa, kwamba jana mchana mkia wa samaki ulionekana. Ulikuwa upande wa kushoto. Ulitikisika. Walioshuhudia walipiga makofi, na Katibu, aliyekuwa amesinzia kwenye benchi, aliamka akapiga pia bila kujua sababu.

CHAMA CHA AQUARIUM YA BIHAMBWE
Kumbukumbu za kikao cha Jumapili, tarehe 14 Oktoba 2012, baada ya misa
Mahali: chumba kikubwa cha laiterie ya zamani (kiwanda kidogo cha maziwa), mbele ya aquarium, tangi letu la kioo la samaki

Waliohudhuria: Papa Kanyamibwa, Mwenyekiti, aliyekuwa akitengeneza fromage (jibini) humu humu kabla ng'ombe hawajachukuliwa, Mama Adelaïde, mkuu wa usafi, Sebarenzi, fundi wa baiskeli na wa filtre ya kuchujia maji, Mama Kavuo, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye lori, Mama Emérita, aliyekimbia kutoka Ngungu, mwenye samaki, na Papa Jérôme, Katibu, ndiye mimi.

Hakuhudhuria: Papa Guylain, aliyekwenda kutafuta mbuzi wake ng'ambo ya kilima. Udhuru ulikubaliwa. Mbuzi walitakiwa heri.

KUMB. NA. 1/10/2012: HALI YA FILTRE

Fundi Sebarenzi alieleza, kwa faida ya wanaosahau, kwamba ndoo ya juu imefungwa kwenye boriti. Maji hushuka kwa mpira mwembamba wa sérum ya hospitali, tone kwa tone, mpaka kwenye chombo chenye matundu kilichokuwa cha kuchujia fromage. Ndani ya chombo hicho mna kipande cha godoro, makaa, na yale mawe mepesi ya volkano. Maji yakishapita humo huwaangukia samaki, yanayozidi huingia ndoo ya chini, na mwenye zamu huipandisha juu. Courant ya umeme hakuna, courant ni mkono wa mwenye zamu.

Kuhusu robinet ya kufungulia na kufungia maji, Fundi alikumbusha kwamba aliyeyusha plastiki ya bidoni juu ya mbabula ya makaa na kuimwaga ndani ya kiazi kikubwa alichokichonga kwa kisu kiwe kalibu. Kiazi kilipiga mluzi, kikatema plastiki mpaka ukutani. Mwenyekiti aliuliza kama kiazi hakikuwa na maji. Fundi alijibu kwamba viazi vyote vya Masisi vina maji, na hilo si kosa lake. Robinet ya pili, ya kalibu ya udongo, ndiyo inayotumika. Inavuja kidogo, kwa adabu.

Iliandikwa pia kwamba Katibu ndiye anayenyonya mpira ili maji yaanze kushuka, na kwamba mara mbili alichelewa kuutoa mdomoni. Anaendelea vizuri.

Mwenyekiti aliomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba tone linapoanza kuanguka, chumba chote hunyamaza. Watu wa Ngungu wanaolala humu tangu msimu wa maharage huketi mbele ya kioo, na nyuso zao huwa kama za watu walio chini ya maji wao wenyewe. Mlio wa tone ni mdogo kuliko milio ya bunduki inayotoka upande wa vilima, lakini ndio unaosikilizwa.

KUMB. NA. 2/10/2012: MAJI KUWA MEUPE

Ilielezwa kwamba siku ya salongo, kazi ya usafi ya watu wote, Mama Adelaïde alifungua filtre akaisugua yote kwa sabuni, jiwe kwa jiwe. Samaki wakapanda juu wakifungua midomo.

Mama Adelaïde alijitetea hivi: "Ile kitu ilikuwa inateleza sawa kamasi! Salongo ni salongo. Mulitaka nifanye nini, niiimbie?"

Mwenyekiti alieleza kwamba ule utelezi ulikuwa na uhai wake, na ndio uliokuwa unakula uchafu wa samaki. Mama Adelaïde aliuliza kwa nini basi Mwenyekiti alimwaga kikombe cha maji ya maziwa yaliyochacha ndani ya aquarium. Mwenyekiti alijibu kwamba katika kazi ya fromage, kikifa kitu unakipanda tena kwa kile cha jana.

"Papa Kanyamibwa," alisema Mama Adelaïde, "samaki haiko fromage."

Maji yaligeuka meupe kabisa. Kwa siku zote hizo, mpaka ule mkia wa jana, hakuna aliyejua kama kulikuwa na samaki ndani. Mama Emérita alibadilisha maji kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, bila kumlaumu mtu, jambo ambalo wanakamati walikiri kuwa liliwauma kuliko lawama. Mwenyekiti na Mama Adelaïde walitakiwa kupeana mikono. Walipeana. Mama Adelaïde aliufuta wake.

KUMB. NA. 3/10/2012: OMBI LA MAMA EMÉRITA

Mama Emérita aliomba ruhusa ya kuondoka na samaki wake. Alisema kesho lori la Mama Kavuo linaelekea Walikale, na yeye anakwenda Ntoto, upande huo huo, kwa binti yake, ambaye ameanza kuchimba étang, bwawa la kufugia samaki. Aliwakumbusha wanakamati kwamba samaki hao, jike na dume, aliwabeba kwa bidoni ya maji kutoka Ngungu, kutoka étang aliyoichimba marehemu mume wake. Kwamba mume alibaki kule, na étang ilibaki kule.

"Miye sina kitu ingine ya kwake yenye inapumua," alisema.

Katibu alichonga penseli iliyokuwa tayari imechongwa.

Mama Adelaïde alisema kwamba kuna watoto humu ambao hawakusema neno tangu wafike, na neno la kwanza walilosema lilikuwa "samaki". Mwenyekiti aliongeza kwamba yeye mwenyewe, tangu ng'ombe waondoke, hapa ndipo mahali pekee anapopata usingizi. Fundi Sebarenzi alisema kwa ukali kwamba filtre ya safari haiwezi kutengenezwa, barabara itaimwaga yote, samaki watakufa njiani kabla ya kufika Nyabiondo, na mtu asije akamwomba. Mama Kavuo alisema lori lake linapakia maharage, na maharage hayapendi maji.

KUMB. NA. 4/10/2012: KURA

Waliotaka samaki wabaki: Mwenyekiti, Mama Adelaïde, Fundi. Aliyetaka waende: Mama Emérita. Mama Kavuo hakuunga mkono upande wowote, akisema kila mmoja humu ni mteja wake. Katibu hakupiga kura kwa kuwa alikuwa anaandika. Iliamuliwa samaki wabaki Bihambwe. Mama Emérita alisema "asante", akainuka kwenda kupandisha ndoo, maana ilikuwa zamu yake.

Mwenyekiti alifunga kikao saa tisa, mvua ikikaribia, na kila mtu akashika njia yake.

Mwenyekiti: Kanyamibwa (sahihi)
Katibu: Jérôme (sahihi)

MAELEZO YA KWELI, yaliyoongezwa na Katibu Jumatatu kwa idhini ya Mwenyekiti, kwa sababu uamuzi huo wa juu ni sahihi lakini haukutokea.

Jumatatu, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya malisho, Mama Emérita aliingia laiterie na bidoni yake. Alikuja kuiba samaki wake mwenyewe. Alimkuta Fundi Sebarenzi amepiga magoti chini, amekata mdomo wa bidoni nyingine na kuuingizia chombo cha fromage, na matundu mapya aliyoyatoboa kwa spoki ya moto bado yalikuwa yanatoa moshi.

"Nilikuwa napita tu," alisema Fundi.

Mwenyekiti naye alikuwa anapita tu, na kipande cha lile godoro la filtre mkononi, chenye utelezi wake wote, hakikusuguliwa. Mama Adelaïde alikuwa anapita tu, na sufuria ya maji ya aquarium, akaapa mbele ya wote kwamba haijaguswa na sabuni. Mimi nilikuja kutafuta penseli yangu. Nilikuwa nayo sikioni.

Hatukutazamana. Tulitazama maji. Mama Emérita akazamisha kiganja na kukiacha humo, na samaki, ambao sisi tungewakimbiza kwa vikapu kutwa nzima, wakaja wenyewe, mmoja halafu mwingine, kama watu wanaoitwa kwa majina ya nyumbani.

Mama Kavuo alipiga honi. Alikuwa ameacha nafasi katikati ya magunia ya maharage, imetandikwa turubai. "Ikimwagika, nitakasirika Walikale," alisema. "Hapa sina wakati."

Fundi alimwonyesha Mama Emérita namna ya kufanya: hakuna ndoo ya juu njiani, hakuna mpira, kwa hiyo achote kwa kikombe, ainue, amwage juu ya godoro, ili maji yapate hewa. Asichoke. Akichoka, amwombe abiria mwenzake.

Lori liliondoka. Tulimwona juu ya magunia, bidoni katikati ya magoti. Akachota, akainua, akamwaga. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, sijui ni kwetu au ni kwa samaki. Akachota, akainua, akamwaga, mpaka ukungu ukamfunika, na kwa kitambo kidogo, ingawa siwezi kuapa, tuliendelea kusikia maji.