Zabuni Isiyo na Jina Langu

Huntsville, Alabama
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Royce,

Pokea salamu zangu za motomoto, na usishtuke kuona mwandiko wangu badala ya kusikia simu. Hujambo lakini? Wifi Charmaine na mgongo wake anaendeleaje? Na wale watoto wangu wawili, bado wanamtesa mwalimu wao wa piano au ameshakimbia? Sisi huku wazima. Mama mzima kabisa, goti tu linamsumbua, mdomo ndio usiseme. Mimi nina afya, na nina furaha mpaka naiogopa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakotaka kufika.

Kaka, sasa tunaweza kuongea! Mshindi ametangazwa, muda wa walioshindwa kulalamika umepita, na yule mwanasheria wenu hana tena cha kutukataza. Tangu serikali ikuweke kwenye kamati ya kupima zabuni za mkataba wetu, wewe na mimi tumekuwa tunazungumzia mvua tu. Mvua na goti la Mama. Kwenye harusi ya binamu yetu Odell nilikuuliza habari za kazi, mazoea tu ya mdomo, ukainuka na sahani yako ya kuku ukahamia meza ya wazee wasiosikia. Watu walicheka mpaka bibi harusi akauliza kuna nini. Mama ndiye hakucheka. Kila Jumapili uliyokosa kuja kula aliniandama, eti nimekufanya nini. Nikimwambia ni sheria, anauliza ni sheria gani hiyo inayomkataza mtu kula samaki kwa mama yake.

Basi nikupe uliyoyakosa. Maisha yetu sisi watu wa mkataba unayajua. Ninyi wenye beji ya serikali mnakaa palepale. Sisi mkataba ukiisha, kampuni zinaitwa kushindana upya, na iliyoshinda inatukuta kwenye viti vyetu, inatubadilishia beji na fulana, kesho yake tunaendelea na kazi ileile. Mimi nimebadilisha kampuni tatu bila kuhama dawati. Lakini safari hii umbea ulikuwa mkali. Watu walisema kampuni ngeni ikichukua itaung'oa mtambo wetu wa maji, kazi ihamie Houston, na sisi kila mtu ashike njia yake. Na tulikuwa tumebakiza jaribio moja, moja tu, ili mtambo ukubaliwe kupanda kwenye chombo cha anga! Miaka yote hii nimewaomba watu wazima na akili zao wanipe mkojo wao asubuhi na jasho lao jioni, nivisafishe, yatoke maji ya kunywa. Halafu aje mtu mwingine amalizie? Nilikosa usingizi, kaka. Nilikonda, na unajua mimi sikondi.

Dewitt Sparkman, fundi wetu wa mabomba, ndiye alikuwa redio ya umbea wote. Kila asubuhi alikuja na kichupa chake mkononi, ananiambia, "Haya Nadine, pokea mchango wangu, huenda ukawa wa mwisho chini ya utawala huu." Nikimfukuza ananiambia nimheshimu, kuna mwanaanga siku moja atamnywa.

Ndipo wakaanza kunitongoza, na simaanishi wanaume. Kwanza kampuni ngeni, ile ya Houston. Walinialika chakula cha mchana, wakaniambia wanataka jina langu kwenye zabuni yao, niwe mkuu wa maabara, na wao wakishinda cheo ni changu. Nikakataa. Haikupita muda akaja Bwana Purvis wetu mwenyewe, mwenye kampuni tuliyokuwa nayo. Alikuja nyumbani Jumamosi, kabeba kuku wa kuchoma na ule mchuzi mweupe wa huku kwetu, akakaa jikoni kwangu kama mjomba. Akaniambia mkuu wake wa maabara anastaafu, na serikali itataka kuona jina la mtu anayeujua mtambo. Akasema yeye ndiye aliyeniajiri nikiwa sijui hata kufunga koki, na sasa ananiomba. Nikamkatalia na yeye. Akafikiri nataka mshahara zaidi, akaupandisha hapohapo, nikakataa tena. Aliondoka ameacha kuku wote mezani.

Dewitt aliposikia alinipasha mbele za watu. Alisema nina akili ya kuchuja mkojo tu, nyingine zote sina. Wengine walisema naringa. Nilikaa kimya, na wewe unajua kimya kwangu ni ugonjwa. Sababu nitakuambia, tulia usome.

Siku ya kutangazwa mshindi Purvis alituita kwenye chumba cha kahawa. Hakuwa na haja ya kusema, uso ulishasema. Tumeshindwa. Watu wa Houston wamechukua. Alianza kutushukuru, akaacha katikati, akageuka akawa anaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Nililia, usinicheke.

Wiki iliyofuata washindi walituita kwenye ukumbi wa hoteli, kama kawaida yao, donati mezani na fulana mpya zimepangwa kwa ukubwa. Mkuu wao wa maabara ni mwanamke, Graciela Cantú, mfupi, ana macho ya mtu asiyedanganyika. Akauliza watu wa mtambo wa maji ni akina nani. Tukasimama, Dewitt mkononi ana donati mbili. Bi Cantú akaniangalia, akasema amesikia kuna mhandisi aliyezikataa kampuni zote mbili, kwa hiyo ama nina kiburi ama nina siri, ni lipi? Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamwambia vyote viwili. Ukumbi mzima ulicheka. Akacheka na yeye, halafu akatuambia tuvae fulana zetu turudi kazini, sote, hakuna wa kubaki nje, na jaribio tunalimaliza sisi wenyewe hapa Huntsville.

Kaka, nilimkumbatia! Mkuu wangu mpya, siku ya kwanza, mbele ya watu!

Na Alhamisi tumelimaliza. Limepita! Maji yametoka safi kuliko ya bomba la Mama. Unajua mazoea yetu, glasi ya kwanza hunywewa na mkuu, na hakuna kunusa. Bi Cantú akaishika, akaimimina yote kooni kama aliyetoka jangwani. Dewitt hakuweza kujizuia, akamuuliza, "Bi mkubwa, mimi hapo ladha yangu umeionaje?" Akamjibu palepale kwamba apunguze chumvi. Watu walikaa chini kwa kucheka. Mtambo unapanda, kaka. Unapanda kweli, na mimi ndiye nitakayeufunga kwenye sanduku lake.

Sasa niseme kile nilichokusudia kusema.

Ulipochaguliwa kwenye kamati, wifi alinivuta jikoni akaninong'oneza, furaha inamtoka puani. Akaniambia umerukwa mara mbili kwenye uteuzi na safari hii wamekuita, na kwamba mwanasheria amekukubalia kwa sharti moja, jina la dada yako lisionekane ndani ya zabuni yoyote. Likionekana unatoka. Wifi hakujua kwamba wenye zabuni wangenifuata, alikuwa ananipa habari njema tu, kwa hiyo usimgombeze. Kaka, wewe ndiye uliyeendesha gari la Baba lisilo na kipasha joto kipupwe baada ya kipupwe ili mimi nimalize chuo. Ningekutoaje? Nikasema jina langu na likae nje. Na sikuweza kumwambia mtu sababu, wala Purvis, kwa sababu ningekuwa namwambia mshindani nani ameketi kwenye kamati.

Nilidhani hasara ni yangu peke yangu. Nilijidanganya. Purvis alipokwenda kuelezwa na serikali kwa nini ameshindwa, aliambiwa bei yake nzuri, mpango wake mzuri, ila mkuu wa maabara aliyemweka hajawahi kugusa mtambo kama ule. Waliompiku walikuwa na Cantú. Yeye alikuwa na pengo. Alitusimulia haya siku tunamuaga, watu wanakula samaki, na alipomaliza alinifuata mlangoni. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu, "Nadine, binti yangu, nilikukosea nini?" Na muda wa malalamiko ulikuwa haujapita, sikuweza kumjibu. Nilimwambia hakunikosea, nikatoka nje kama mwizi.

Sijui ni nani kati yenu aliyeandika kwamba hana mtu. Kama ni wewe, uliandika haki, maana karatasini hakuwa naye. Lakini mtu alikuwapo, kaka. Nilikuwa mimi.

Sijutii, nakuambia waziwazi ili usije ukaanza kujitesa. Ningerudishwa jana ningefanya vilevile. Ila yule mzee anakaa nyumbani sasa, anaamini nilimchukia, na hilo silibebi tena. Jumamosi nakwenda kwake, na sitaki kwenda peke yangu. Njoo twende wote. Mimi nitamwambia kwa nini nilikataa, na wewe simama tu pembeni yangu akuone, maana sababu yenyewe ni wewe.

Mama anakusalimu, anasema uje na njaa. Mbusu wifi, wabane watoto mashavu kwa niaba ya shangazi yao.

Mimi mdogo wako anayekupenda,
Nadine