Mstari Uliomficha Mama

Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Nina hasira nawe, na sijui muntu aliye kaburini anagombezwaje. Mama iko hapa Alunguli, mzima. Amekaa chumbani mwako.

Tangu tukuzike, tovuti yako ya kutafutia waliopotea vitani naishika mimi. Mwanamke mmoja wa Pangi alilalamika kwamba mumewe ameandikishwa, lakini akimtafuta hamwoni. Kwenye kompyuta yangu hakukuwa na kosa. Basi nikaiunganisha programu ya kuandikia kodi, yale maandishi yanayoiendesha tovuti, na seva kule Ulaya inakokaa, nilifuate kosa hukohuko linakotokea. Nikaweka ile alama nyekundu ya kusimamisha kodi. Ikageuka kijivu, haishiki! Nikakusikia kabisa: "Weye nawe! Folda ya huku na ya kule, zifananishe!" Nikazifananisha, ikashika.

Kodi ikasimama kwenye mstari uliouandika wewe: aliyeandikwa marehemu, arukwe. Yule mume, ndugu zake walikuwa wamekwisha kumfanyia matanga na kumwandikisha marehemu. Nikabonyeza iendelee. Ikasimama tena, kwenye jina la Mama.

Vita ilipotutenganisha naye njiani, tulingoja miaka. Kisha wajomba wakasema inatosha, tukafanya matanga bila maiti. "Tumemulilia, njo basi, imekwisha," ulisema. Ukamwandika marehemu kwa mkono wako mwenyewe. Mungu wangu, Yaya! Chini ya jina lake palikuwa na ujumbe kutoka Kalima, alikokuwa akiwauzia wachimbaji mihogo: yeye mwenyewe anawatafuta watoto wake. Ujumbe huo uliingia wewe ukiwa bado hai. Mstari wako ukauruka, nawe ukiwa umekaa mbele ya kompyuta hiyohiyo.

Nilimpelekea habari aje. Alipofika na pikipiki, mimi alinishika shavu tu. "Mukubwa wangu iko wapi?" Jirani ndiye aliyemwambia, palepale barabarani, mzigo ukiwa bado kichwani.

Tangu hapo hali chakula. Anauliza uliumwa nini, na kama ulimtaja. Watu wamemweleza kuhusu tovuti, naye anaamini uliijenga ili umtafute yeye. Anaushika mto wako na kusema, "Mutoto wangu hakuchoka kunitafuta."

Mstari ule nimeufuta, na yule wa Pangi sasa analiona jina la mumewe kwenye tovuti. Mama sitamwambia ukweli mpaka naye tumlaze pembeni yako, nakuahidi. Lala salama, Yaya. Naficha kwa ajili yake. Wewe sijakusamehe.

Mdogo wako,
Zaina