Jiwe la Kwenye Ngitili

Didia, Jumatatu

Baba Loveness,

Sisi wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Wageni wa utalii wamejaa kwenye kambi yetu ya kijiji. Fedha zao ndizo zilizoezeka zahanati.

Jana niliwatembeza kwenye ngitili, ule msitu tunaoutunza sote. Mgeni mmoja akaokota jiwe linalong'aa. "Mama, hii ni dhahabu?"

"Jiwe tu," nikamjibu, nikalichukua. Tuliporudi kambini nikalitumbukiza chooni. Nilimdanganya. Nimeponda mawe nawe huko machimboni Segese, dhahabu naijua.

Wachimbaji wakisikia, msitu utageuka mashimo na wageni hawatarudi. Kila pikipiki ikipita nashtuka. Nimekwambia wewe peke yako, na hata wewe nakuogopa. Jumamosi njoo utuone, ila sururu iache huko huko.

Mkeo,
Paskazia